Mbwa Wetu na Homa ya Mgunda: Asilimia Ngapi, na kwa Kipimo Gani?

Swali ninaloulizwa kila ninapotaja mbwa wa Busoga na Bugisu, mashariki mwa Uganda, ni hili: wangapi wana leptospira? Anayeuliza hutaka asilimia moja tu. Jioni hii nataka tuitazame asilimia hiyo kwa ndani, kwa sababu maisha ya watu yamefungamana nayo.

Leptospira ni bakteria mwembamba aliyejisokota, anayekaa kwenye figo za panya, ng'ombe, nguruwe na mbwa. Hutoka na mkojo, na kwenye maji au matope yenye joto huweza kuishi kwa wiki kadhaa. Binadamu humpata kupitia mchubuko, macho au mdomo. Inada na Ido wa Japani walimtambua mwaka 1915 miongoni mwa wachimbaji wa makaa ya mawe. Majirani zetu Watanzania wanauita ugonjwa wake homa ya mgunda, tangu mlipuko wa Ruangwa, mkoani Lindi, Julai 2022, uliogusa watu 20 na kuua watatu.

Basi, mbwa. Kipimo kinachotumika zaidi maabarani huchanganya majimaji ya damu ya mbwa na leptospira walio hai, kisha mtaalamu huchungulia kwa hadubini kama wameshikana mafungumafungu. Wakishikana, mbwa ana kingamwili. Lakini kingamwili husema tu kwamba mbwa aliwahi kukutana na bakteria huyu, pengine miezi mingi iliyopita, au kwamba alichanjwa. Hazisemi kama leo anamwaga bakteria kwenye mkojo. Kwa hilo lazima upime mkojo wenyewe au figo, na mbwa mwenye kingamwili nyingi anaweza kuwa na mkojo safi, huku mwenye kingamwili kidogo akichafua kisima.

Kisha kuna suala la aina za leptospira. Zipo mamia, na maabara huchagua chache za kupimia. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, walipata kwa ng'ombe aina ambayo sasa inaitwa Sokoine. Maabara inayotumia aina za Ulaya peke yake inaweza kumwambia mwenye mbwa kwamba mnyama wake hana kitu, kumbe aliambukizwa aina ya hapa kwetu. Tena kuna kiwango cha kingamwili ambacho mbwa akikifikia huhesabiwa kuwa aliambukizwa: mtafiti akikishusha, asilimia inapanda. Akikipandisha, inashuka, na mbwa ni walewale. Ndiyo maana nikisoma ripoti ya mbwa, asilimia naisoma mwisho. Kwanza natafuta kiwango, aina zilizopimwa, na kama mbwa walikuwa wamechanjwa.

Kwa nini basi nang'ang'ania mbwa wapimwe? Kwa sababu mbwa wa kijijini anakunywa maji tunayoyakanyaga, anafukuza panya tunaoishi nao, na halipi nauli kwenda hospitali ya mbali kuugulia huko. Damu yake inaeleza mazingira yetu. Chini ya kilima hiki cha Wanyange yako mashamba ya miwa ya Kakira, na miwa na panya havitengani. Upande wa Mbale kuna mpunga wa Doho, ambako watu hushinda miguu peku majini. Ng'ambo ya Mlima Elgon, wilayani Bungoma, Kenya, leptospira iliingia shule ya sekondari mwaka 2004 na wanafunzi wakafa. Mwishoni mwa Julai 2022, mito ya Nabuyonga na Namatala ilifurika Mbale na kuua watu. Waliosalia walitembea kwenye matope ya mafuriko siku nyingi. Manila, Ufilipino, mwaka 2009, mafuriko yalifuatiwa na mlipuko mkubwa wa leptospira.

Na mgonjwa wa homa hii akifika hospitalini, tunaandika malaria. Kaskazini mwa Tanzania, kati ya wagonjwa 870 wa homa waliolazwa Moshi, 528 walidhaniwa kuwa na malaria. Waliokuwa nayo kweli ni 14. Kati ya waliopimwa magonjwa ya bakteria yatokayo kwa wanyama, zaidi ya robo walikuwa nayo, leptospira ikiwamo. Hapa Uganda, wagonjwa wa vituo viwili vya afya wilayani Hoima walipopimwa, zaidi ya theluthi walikuwa na kingamwili za leptospira. Hili linaniuma, kwa sababu homa hii ikitambuliwa mapema hutibika kwa doksisaiklini au penisilini, dawa za bei nafuu.

Nasisitiza: asiuawe mbwa hata mmoja kwa sababu ya mhadhara huu. Ukimwondoa mbwa, panya anabaki, na maji yanabaki vilevile.

Ombi langu ni kwa maafisa mifugo wa Jinja na Mbale. Siku ya kuchanja kichaa cha mbwa, wananchi huwaleta mbwa wao wenyewe, wamefungwa kamba, wametulia. Siku hiyo bebeni pia mirija ya damu na vikopo vya mkojo. Pimeni vyote viwili, kwa aina za leptospira za Afrika Mashariki, na majibu yafike kwa daktari wa wilaya kabla ya mvua.