Fundi wa Kazi Moja na Fundi wa Kazi Nyingi

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa tawi, Bondeni, Nakuru



Nimeombwa niseme juu ya mafunzo ya mafundi katika wakati huu ambapo nchi yetu inapata stima yake kwa mvuke wa ardhini, kwa upepo na kwa jua. Elimu yangu ni ya shule ya msingi ya misheni, na mengine nimeyapata kazini relini, kwa hiyo nitasema kwa lugha ya karakana. Neno langu ni hili: yafaa fundi ajue kazi zaidi ya moja, lakini kila kazi anayoiongeza iwe na cheti chake na mshahara wake. Nusu ya kwanza bila nusu ya pili ni mtego.

Sisi watu wa reli tumekwisha kupitia mabadiliko ya namna hii. Mwaka 1955 na 1956 reli ya Afrika Mashariki ilipokea injini 34 za mvuke aina ya Garratt, daraja la 59, zilizoundwa na Beyer, Peacock huko Manchester. Kila moja ilikuwa na uzito wa tani 252 hivi, nazo zilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Aliyeziona zikipanda kutoka Mombasa na mzigo wake hakufikiri kwamba zingekuwa na mwisho. Kufika mwaka 1980 zilikuwa zimeondolewa kazini, na leo mbili zimesimama katika jumba la makumbusho ya reli, Nairobi. Dizeli ilikuwa imeshika njia. Kazi ya kulisha moto ilikufa pamoja na moto wenyewe. Lakini beringi, breki, ekseli na magurudumu havikufa. Aliyejua hayo pamoja na boila alikuwa na pa kushika. Aliyejua boila peke yake alibaki na sifa za zamani.

Sasa tutazame karibu na kwetu. Huko Olkaria, Naivasha, visima vya kwanza vya kutafuta mvuke vilichimbwa mwaka 1956 na havikufaa. Kazi ikarudiwa miaka ya 1970, na mwaka 1981 mtambo wa kwanza wa megawati 15 ukaanza kutoa stima. Kufika 1985 ilikuwa mitambo mitatu, megawati 45. Leo jotoardhi ndiyo chanzo kikubwa kuliko vyote cha stima ya Kenya. Na hapa juu yetu Menengai, uchimbaji ulianza mwaka 2011, na mtambo wa kwanza wa megawati 35 ukaanza kazi mwaka 2023. Wazee wa pwani waliita meli ya mvuke stima. Sisi wa bara tukauita umeme jina hilo hilo. Hapa Nakuru mvuke na stima vimekutana tena.

Kazi ya huko ikoje? Kisima hushuka chini hata kilomita tatu. Kinachopanda ni mvuke uliochanganyika na maji ya moto. Vinatenganishwa katika pipa kubwa la chuma. Mvuke huenda kuzungusha tabini, tabini huzungusha jenereta, na maji hurudishwa ardhini kwa kisima kingine. Hapo anatakiwa mtu wa kuchomelea mabomba, mtu wa vali, mtu wa beringi na mafuta, mtu wa waya, na mtu wa vipimo. Mtambo ukisimama saa nane ya usiku, anayetafutwa kwanza ni yule awezaye kutambua kama ubaya uko katika beringi, au katika waya, au ni kipimo tu kinachosema uongo. Huyo ndiye fundi wa kazi nyingi.

Ndugu zangu, msidhani mambo haya yako mbali nasi. Injini ya dizeli tunayoihudumia ni stesheni ndogo ya stima juu ya magurudumu. Dizeli huzungusha jenereta. Jenereta hupeleka umeme kwa mota. Mota ndizo zinazovuta gari. Na injini nyingi za namna hiyo, zikiteremka mlima, mota zile zile hugeuka kuwa jenereta na kusaidia kuzuia mwendo. Aliyeelewa hilo ameelewa nusu ya mashine ya upepo. Kule Loiyangalani, karibu na Ziwa Turkana, ziko mashine za upepo 365, kila moja kilowati 850. Ndani yake mna giaboksi, beringi, breki na jenereta. Hakuna kimoja kati ya hivyo ambacho mtu wa reli hajapata kukisikia. Tena reli yenyewe inaelekea huko: mwaka 2024 jirani zetu Tanzania walianza kubeba abiria kwa treni za umeme kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro, na baadaye hadi Dodoma. Siku nyaya hizo zitakapofika kwetu, je, zitatukuta tumejifunza, au wataletwa wengine?

Mwenzangu mmoja aliniambia, "Mshika mbili moja humponyoka." Ni kweli, kama unashika zote siku moja. Sisemi mtu aonje kazi kumi asiive hata moja. Mti una shina kwanza, ndipo matawi. Shika kazi moja hadi ukomae, kisha uongeze ya pili inayoungana nayo. Fundi wa mitambo aongeze umeme. Fundi wa umeme aongeze vipimo. Mchomeleaji ajue chuma kinavyofanya kikipata joto na kikipoa.

Wala kujua kazi nyingi si ruhusa ya kubahatisha. Mtu wa stima ya nyumbani amezoea kuzima swichi kubwa ndipo aguse waya. Paneli ya jua haizimwi hivyo. Maadamu jua linawaka, inatoa umeme, na cheche ya umeme huo haikatiki upesi. Kwa sababu kama hizo sheria inataka wafungaji wa mitambo ya jua wawe na leseni. Huko visimani nako iko gesi inayonuka kama yai viza. Ikizidi, pua haiisikii tena, na hapo ndipo inapoua. Fundi asiyefundishwa jambo hili haongezewi kazi, anaongezewa hatari.

Sasa nirudi kwenye mtego. Wako wenzetu hapa Bondeni waliofanya kazi kwa makandarasi, wakavuta nyaya, wakachomelea, wakafunga vali. Kazi ilipokwisha walirudi nyumbani na mikono mitupu, bila karatasi hata moja ya kuonyesha walijua nini. Kujenga huhitaji watu wengi, kuendesha huhitaji wachache. Asiye na cheti ndiye wa kwanza kuachwa. Tena wako waajiri wanaopenda sana neno "fundi wa kazi nyingi" kwa sababu wanasikia ndani yake "watu watatu waondoke, mmoja abaki kwa mshahara ule ule." Hayo hatuyakubali.

Kwa hiyo naomba tawi lipeleke mambo haya mezani wakati wa mapatano:

1. Mafunzo yafanyike ndani ya saa za kazi, na mshahara usikatwe.

2. Kila fundisho liishie kwa mtihani unaotambuliwa nchi nzima, kama ile mitihani ya ufundi ya NITA ya gredi ya tatu hadi ya kwanza, na cheti kiwe mali ya mfanyakazi, si cha kufungiwa katika kabati la ofisi.

3. Ujuzi ukiongezeka, daraja la mshahara lipande, na iandikwe.

4. Mtu asifundishwe kazi ya mwenzake ili mwenzake afukuzwe.

5. Mafunzo ya usalama yatangulie, na yatolewe kwa Kiswahili. Wengi wetu tuliishia shule ya msingi, lakini masikio yetu husikia beringi iliyochoka kabla ya kipimo kusema. Ujuzi huo nao upimwe na upewe cheti.

Na vijana nawaambia: msingoje chama kifanye yote. Jioni ziko, na hapa Nakuru vyuo viko. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Anayejifunza na alete alichojifunza hapa tawini, awafundishe wawili, kwa maana chama cha watu wenye ujuzi hakitishwi kwa urahisi.

Umoja ni nguvu.