Nyumba Yetu Wakati wa Kipupwe

Wasikilizaji wetu, hasa ninyi mkaao Njombe, Makete, Mufindi na Mbeya, leo twapenda kusema nanyi habari za nyumba na baridi. Wako watu wa pwani wadhanio ya kuwa nchi zetu hazina baridi kali. Lakini ninyi mwaijua sakitu ya mwezi wa Juni, nyasi zinapokuwa nyeupe kama zilizonyunyiziwa chumvi, na majani ya viazi yamekauka kama yaliyounguzwa na moto.

Sababu zake zajulikana. Mwezi wa Juni jua limekwenda kaskazini, na pepo za kusi huvuma. Tena nchi yenu iko juu: mji wa Njombe u karibu mita 2,000 juu ya bahari, na uwanda wa Kitulo hupita mita 2,500. Mtu apandapo mita 1,000, joto hupungua nyuzi 6 hivi. Na usiku wa kiangazi hauna mawingu. Mawingu ni blanketi la nchi. Yakiondoka, joto la ardhi hupotea angani.

Basi tuitazame nyumba. Nyumba haina joto lake yenyewe. Joto ni la watu waliomo na la moto uliowashwa. Kazi ya nyumba ni kulishika joto hilo lisitoroke, nalo hutoroka kwa njia tatu.

Njia ya kwanza ni nyufa. Ingieni ndani mchana, mfunge mlango na madirisha, mngoje mpaka macho yazoee giza. Kila upenyapo mwanga, upepo nao hupenya. Zibeni hapo kwa udongo uliochanganywa na nyasi zilizokatwakatwa, maana udongo mtupu ukikauka hupasuka tena. Kazi hii ifanywe mvua zinapokwisha, isingoje Juni. Wakati wa baridi udongo hukauka polepole, na ukuta wenye maji hunyonya joto la chumba kama nguo mbichi inyonyavyo joto la mwili.

Njia ya pili ni paa. Hewa yenye joto ni nyepesi, hivyo hupanda juu. Paa la nyasi nene huizuia, kwa kuwa katikati ya nyasi mna hewa iliyotulia, na hewa iliyotulia haipitishi joto upesi. Ndiyo maana hata blanketi la sufu hutupa joto. Bati halivuji mvua, nalo hudumu miaka mingi, lakini ni jembamba. Usiku hupoa mara moja, na pumzi zetu hugeuka maji juu yake yakadondoka kitandani. Mwenye nyumba ya bati na aweke dari chumba cha kulala. Mianzi iliyopasuliwa na kusukwa yafaa sana, ila isiwekwe juu ya mafiga, isije ikashika moto.

Njia ya tatu ni sakafu. Wengi hujifunika mablanketi mawili juu, na chini wana mkeka mmoja tu. Ardhi baridi huvuta joto la mwili usiku kucha. Watoto na walale juu ya kitanda, na chini ya mkeka watandikiwe nyasi kavu.

Sasa tumefikia neno lililo kubwa kuliko yote. Wako watu ambao, wakiisha kuziba kila ufa, huingiza jiko la mkaa chumbani, wakafunga mlango na kulala. Twawasihi, msifanye hivyo hata usiku mmoja. Mkaa uwakao hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, wala haikoozeshi. Huingia katika damu na kushika mahali pa hewa njema, na aliyelala hulala moja kwa moja. Jamaa nzima zimepotea hivyo kwa usiku mmoja. Nyumba iliyozibwa vizuri ndiyo yenye hatari zaidi, kwa sababu sumu haina pa kutokea. Wala msidanganywe na makaa yaliyofifia. Hayo nayo hutoa sumu.

Otene moto pamoja jikoni, dirisha likiwa wazi, kisha jiko litoke nje kabla ya mtu yeyote kulala. Mzee aonaye baridi na apewe chupa ya maji ya moto, iliyofungwa barabara na kuvikwa kitambaa. Na mtu aliye karibu na makaa akisema kichwa chauma, aona kizunguzungu, na miguu imelegea, msimwambie alale apumzike. Fungueni mlango, mtoeni nje penye hewa, mkampeleke hospitali.

Mtu atauliza, “Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, mbona sasa mwatuambia tuache tundu?” Wazee walisema kweli, lakini si kila tundu ni ufa. Ufa huja wenyewe, na tundu la hewa huwekwa na mwenye nyumba kwa akili. Liwekeni juu, karibu na paa, mbali na kitanda, upande usioelekea kusini-mashariki utokako upepo wa kusi. Jikoni liwe kubwa zaidi, moshi upate kutoka, maana moshi wa kuni huwazidishia watoto wadogo hatari ya nimonia. Lakini tundu hilo si ruhusa ya kulala na mkaa.

Ninyi wanafunzi mnaosoma maneno haya, wasomeeni wazazi wenu na majirani wasiojua kusoma, nanyi msaidieni kukanda udongo. Zuieni upepo, lakini msiizuie nyumba kupumua.