Kuuliza Jina la Tovuti Kabla ya Kulipa: Maelezo kwa Wakazi wa Kata



Mgeni akishuka kwenye gari pale Usa River na kuuliza nyumba ya Mzee Kaaya, watu watamcheka kwa upole. Wazee wa jina hilo wameenea mlimani, kuanzia Poli hadi Leguruki. Ataulizwa kwanza: wa kata gani? Akitaja kata, ataelekezwa kwa afisa mtendaji. Mtendaji hazijui nyumba zote, lakini anamjua mwenyekiti wa kijiji. Mwenyekiti wa kijiji atampeleka kwa mwenyekiti wa kitongoji, na huyo ndiye atakayenyoosha mkono na kusema: ni ile yenye bati jekundu, nyuma ya migomba. Hakuna daftari moja lenye nyumba zote za wilaya, na mgeni anafika hata hivyo.

Majina ya tovuti hutafutwa kwa njia hiyo hiyo. Kompyuta hazitambuani kwa majina bali kwa namba, zinazoitwa anwani za IP. Mtu anapoandika merudc.go.tz, kompyuta yake huanza kuuliza njia. Huulizwa kwanza ngazi ya juu kabisa, yenye seva za majina 13 yanayosimamiwa na taasisi 12 duniani. Hizo hazijui tovuti ya Meru iko wapi; zinajua tu ni nani anayetunza majina yanayoishia na .tz. Anayetunza .tz hujua nani anatunza go.tz, na hivyo kushuka hadi kwenye mlango wenyewe. Safari hiyo yote huchukua muda mfupi kuliko kupepesa jicho.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Kabla ya mwaka 1983 majina yote ya mtandao wa wakati ule yalikuwa kwenye faili moja tu, lililotunzwa katika taasisi moja huko California, nchini Marekani. Aliyeongeza kompyuta alilazimika kuwaarifu watunzaji wa faili hilo, na wengine wote wakasubiri nakala mpya. Kompyuta zilipoongezeka, utaratibu huo ulielemewa. Mwaka 1983 Paul Mockapetris aliandika mfumo wa DNS, ambao uligawa daftari hilo vipande vipande na kumpa kila mwenye eneo kipande chake akitunze. Kipande cha Tanzania, yaani .tz, kilikabidhiwa mwaka 1995.

Jambo hili linamhusu mwananchi wa kata kwa sababu ya fedha. Chukua mfanyabiashara wa ndizi katika soko la Tengeru. Asubuhi ya Jumamosi, gulio likiwa limechangamka, simu yake inapokea ujumbe: leseni yako inaisha leo, lipa kabla ya saa sita kuepuka faini. Chini yake kuna kiungo, na ndani ya kiungo anaona maandishi merudc.go.tz. Moyo unatulia. Ametambua jina la Halmashauri, na wateja wanamsubiri.

Lakini kiungo kizima kinasomeka hivi: merudc.go.tz.example.com. Neno example.com limetumika hapa kwa kuwa lilitengwa rasmi kwa ajili ya mifano. Tapeli ataweka lake. Jina la tovuti husomwa kutoka kulia kwenda kushoto, kama vile mgeni wa Mzee Kaaya anavyoanza na wilaya kabla ya kitongoji. Ukianzia kulia, jina hili ni la .com, kisha la example, na mwenye example anaweza kubandika mbele yake maneno yoyote anayotaka, hata jina la Ikulu. Hayo merudc.go.tz yaliyotangulia ni pambo. Tovuti ya serikali lazima imalizike kwa go.tz, na baada ya hapo pasiwe na kitu isipokuwa mkwaju na jina la ukurasa. Majina ya go.tz hayauzwi dukani. Hutolewa kwa taasisi za serikali pekee, chini ya usimamizi wa Mamlaka ya Serikali Mtandao.

Mwenye shaka anaweza kuuliza mwenyewe, bila kufungua kiungo. Kompyuta nyingi zilizoko katika shule na maduka ya steshenari zina programu ndogo iitwayo nslookup. Haina picha wala vitufe. Katika kompyuta ya Windows, andika cmd kwenye sehemu ya kutafutia, kisha bonyeza Enter. Litafunguka dirisha jeusi la amri. Ndani yake andika nslookup, acha nafasi, andika jina, bonyeza Enter tena. Vijana wanaotumia Linux wana dig na host, zinazofanya kazi hiyo hiyo kwa maelezo zaidi.

Majibu yake yanahitaji kusomwa kwa utulivu. Mistari miwili ya juu hutaja seva iliyoulizwa, ambayo kwa kawaida ni ya kampuni inayokuuzia intaneti. Wengi huikosea hapo na kudhani hiyo ndiyo anwani ya tovuti. Anwani yenyewe iko chini, baada ya jina. Katikati huonekana maneno Non-authoritative answer, nayo yamewatisha watu bure. Maana yake ni kwamba aliyejibu si mtunzaji wa jina bali ni jirani aliyeuliza mapema na bado anakumbuka. Jirani hukumbuka kwa muda uliopangwa na mwenye jina, dakika chache au saa kadhaa. Ndiyo maana tovuti ikihamishiwa seva nyingine, mkazi wa King'ori anaweza kuiona mpya huku wa Maji ya Chai akiendelea kuona ya zamani.

Anayetaka kuwajua watunzaji wenyewe aandike nslookup -type=ns merudc.go.tz. Hapo zitatajwa seva zilizokabidhiwa jina hilo. Jibu likiwa Non-existent domain, au NXDOMAIN, jina halipo kabisa, kama kuuliza kitongoji ambacho hakijawahi kuwepo. Jibu likiwa timed out, ni jambo tofauti kabisa: aliyeulizwa hakujibu. Jina linaweza kuwa sahihi, ila njia imekatika.

Tofauti hiyo ilionekana wazi Jumapili, tarehe 12 Mei 2024, kebo mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipokatika upande wa kusini mwa Afrika. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Arusha ina kituo chake cha kubadilishana mawasiliano, AIXP, ambako kampuni za intaneti za hapa hukutana ili ujumbe wa kutoka Sakina kwenda Njiro usilazimike kuzunguka ng'ambo. Lakini barabara ya karibu haisaidii ikiwa anayejua njia yuko mbali. Tovuti inaweza kuwa ndani ya nchi, na mtunzaji wa jina lake akawa Ulaya. Kebo ikikatika, mwenye tovuti na mteja wake wanatafutana wakiwa mtaa mmoja. Kwa tovuti za huduma za umma, kuwa na angalau mtunzaji mmoja wa jina ndani ya nchi si anasa.

Isieleweke kwamba nslookup inathibitisha uaminifu. Haithibitishi. Tovuti ya tapeli nayo ina jina na namba, na programu itavitoa vyote bila kigugumizi. Kinachopatikana ni jibu la nani anatunza jina na jina linaelekea wapi. Hukumu inabaki kwa aliyeuliza.

Vijana wa vyuo vya Arusha huuliza swali jingine, nalo ni la haki: kwa nini pawe na ngazi ya juu hata kidogo? Ipo mitandao isiyo na kitovu inayojaribu kuiondoa. Namecoin ilianza mwaka 2011 na majina yanayoishia na .bit, yakiandikwa katika leja inayotunzwa na kompyuta nyingi kwa pamoja. Anayewahi kuandikisha ndiye mwenyewe. Mfumo wa GNU wa majina, ambao maelezo yake ya kiufundi yalichapishwa kwa namba RFC 9498 mwezi Novemba 2023, umekwenda mbali zaidi. Huko kila mtu ni kilele chake mwenyewe. Majina ni kama yale ya kwenye simu ya mkononi: mmoja amemwandika Mzee Kaaya kwa maana ya baba mkwe wake, jirani amemwandika Mzee Kaaya fundi baiskeli, na wote wawili wako sahihi. Kinachomtambulisha mtu kweli ni ufunguo wa siri uliotia saini taarifa zake. Mfumo huo nao huulizwa kwenye dirisha la amri, kwa programu iitwayo gnunet-gns, inayotafuta jibu miongoni mwa kompyuta za washiriki. Nslookup ya kawaida ikiulizwa jina la .bit itajibu kwamba halipo.

Faida yake ni kubwa: hakuna anayeweza kulifuta jina la mtu kwa amri moja. Hasara yake ni upande wa pili wa faida hiyo. Ufunguo ukipotea, jina limekwenda nao, na hakuna ofisi ya kupeleka barua. Tapeli akiwahi jina katika Namecoin, hakuna wa kumnyang'anya. Kwa wenye sababu ya kuogopa kufungiwa mtandao, huo ni mfumo wenye thamani. Kwa malipo ya leseni na ushuru, mwananchi anahitaji jina ambalo yupo mtu wa kuulizwa linapokwenda kombo.

Basi yule mfanyabiashara wa Tengeru. Anafunga simu bila kugusa kiungo, anamwachia jirani meza ya ndizi, anakwenda steshenari. Kijana wa pale anamwandikia jina zima kama lilivyo kwenye ujumbe, na wanalisoma pamoja kuanzia kulia. Halafu anaangalia jambo moja zaidi: ujumbe ulimtaka atume fedha kwenye namba ya simu ya mtu, ilhali malipo ya serikali hufanywa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo. Ujumbe haufuti. Namba iliyoutuma anairipoti kwa ujumbe mfupi kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli wa simu, na Jumatatu anakwenda ofisi ya mtendaji wa kata kuuliza leseni yake inaisha lini hasa.