Mwili Ukidhoofika, Ufundi Usife
Yapo maradhi, kama baridi yabisi na kudhoofika kwa misuli, yanayopunguza nguvu za mwili kidogo kidogo. Msuka vikapu au mchonga vinu asikimbilie kuacha ufundi. Azungushie mpira mpini wa kisu uwe mnene, afanye kazi kwa vipindi vifupi, na amwone mapema mtaalamu wa fiziotherapia. Mfano upo kule Iringa: karakana ya Neema Crafts ilianza mwaka 2003 na vijana watatu viziwi, ikaja kuajiri mafundi wengi wenye ulemavu. Kwa anayehitaji mtaji, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba. Kati ya hizo, asilimia 2 ni ya watu wenye ulemavu. Kuhusu mikopo hiyo, mwone afisa maendeleo ya jamii wa kata yako.