Nuru Isiyounguza

(Hotuba kwa Waislamu wa Mpanda, mkoani Katavi)



Wavuvi wa Karema huwavuta dagaa wa Ziwa Tanganyika kwa taa. Karabai ya mafuta waliyoizoea wazee wao hutoa joto jingi kuliko mwanga. Lakini Mwenyezi Mungu amewajaalia kimulimuli wa vichaka vyetu, na viumbe wengi wa baharini, nuru isiyounguza.

Siri yake ni nini? Mwaka 1887 Mfaransa Raphaël Dubois, akichunguza kombe wang'aao wa baharini, alibainisha vitu viwili: lusiferini, ambayo ni mfano wa kuni, na lusiferasi, kimeng'enya kiichocheacho. Lusiferini ikiungana na oksijeni, nishati hutoka kwa sura ya nuru, karibu bila joto. Baharini nuru hiyo aghalabu ni ya buluu, kwani buluu ndiyo ipenyayo mbali zaidi majini.

Basi, mwanga uonekanao gizani si hoja ya kumshuku mtu. Hofu ya uchawi imemwaga damu ya vikongwe wasio na hatia magharibi mwa nchi yetu. Qur'ani Tukufu yatukataza kufuata tusiyo na ujuzi nayo, na yatuhimiza kutafakari maumbile. Kuua nafsi kwa dhana ni dhambi kubwa.

Tuwasomeshe wana na mabinti zetu kemia kama tuwasomeshavyo madrasa, ili wamjue Muumba kwa kazi Yake, na bibi kizee jirani yao alale kwa amani.

Wabillahi tawfiq.