Ncha ya Mashine Ihesabiwe Kama Chaki



Ndani ya kila redio, simu na chaja mna kibao chembamba chenye mistari ya shaba. Kibao hicho huitwa bodi ya saketi, na mistari hiyo ndiyo njia ambazo umeme hupita kutoka sehemu moja ya chombo hadi nyingine. Wako watu wengi wenye elimu ambao huvitumia vyombo hivyo maisha yao yote pasipo kudhani kwamba bodi ya namna hiyo yaweza kutengenezwa juu ya meza ya darasa. Kumbe yawezekana, na mashine ya kuifanyia kazi hiyo haizidi sana cherehani kwa ukubwa.

Njia iliyozoeleka ya kutengeneza bodi ni kufunika mistari inayotakiwa, kisha kukitumbukiza kibao katika dawa inayokula shaba iliyobaki wazi. Njia hiyo ni nzuri, lakini dawa yake hutia madoa, hudhuru ngozi na macho, na haifai hata kidogo kumwagwa katika mfereji wa shule. Njia ya pili ni kuichonga shaba kwa mashine inayoongozwa na tarakimu. Mwaka 1952 Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts, yaani MIT, nchini Marekani, kilionyesha hadharani mashine ya kuchonga ya aina hiyo. Ilikuwa kubwa, nayo ilipokea amri zake kutoka katika utepe uliotobolewa. Leo kazi kama hiyo hufanywa na mashine ndogo ya mezani inayoongozwa na kompyuta ya kawaida, tena kwa programu zinazopatikana bure.

Yafaa ikumbukwe kwamba jambo hili si geni Afrika. Mwaka 1998 Profesa Neil Gershenfeld alianzisha katika chuo hicho cha MIT somo la kuwafundisha wanafunzi kutengeneza karibu kila kitu kwa mikono yao. Kutokana na fikra hiyo zilizaliwa karakana ziitwazo fab lab, na mwaka 2004 mojawapo ilifunguliwa katika chuo cha ufundi cha Takoradi, Ghana. Baadaye Chuo Kikuu cha Nairobi nacho kikapata yake. Kuchonga bodi za saketi ni miongoni mwa kazi za msingi zinazofundishwa katika karakana za aina hiyo.

Kazi yenyewe hufanyika hivi. Kibao cha kawaida kina unene wa milimita 1.6, lakini shaba iliyo juu yake ina unene wa milimita 0.035 tu. Mashine haiongezi shaba mahali popote. Huchimba mifereji myembamba kuuzunguka kila mstari, kama mkulima wa mpunga anavyotenga jaruba na jaruba, ili umeme wa njia moja usivuke kwenda njia nyingine.

Hapo ndipo kipimo kinapokuwa mwalimu mkali. Ncha ya kukatia yenye umbo la kabari, ambayo pembe yake ni nyuzi 30 na upana wake mwishoni ni milimita 0.1, ikizama milimita 0.1 huacha mfereji wenye upana wa milimita 0.15 hivi. Ikizama milimita 0.3, mfereji hufikia milimita 0.26, na mstari mwembamba wa shaba huweza kuliwa wote. Basi kibao kikiwa kimepinda kwa milimita 0.2 tu, upande mmoja utachimbwa kupita kiasi na upande mwingine hautaguswa kabisa.

Dawa yake ni kupima kabla ya kukata. Waya mmoja hushikizwa kwenye shaba na mwingine kwenye ncha. Ncha inapogusa shaba umeme hupita, na kompyuta huandika kimo cha mahali hapo. Baada ya kupima vituo vingi, mashine huwa na ramani ya mabonde na vilima vya kibao hicho, nayo huifuata inapochonga. Mwanafunzi aliyeona jambo hilo kwa macho yake hatauliza tena hesabu za pembe zina faida gani.

Ni haki pia kutaja mipaka ya mashine hii. Anayetaka bodi 1,000, au bodi yenye mistari myembamba mno, na aagize kiwandani. Aidha, vibao vya nyuzi za kioo hutoa vumbi linalodhuru mapafu; vibao vya karatasi na gundi ngumu hufaa zaidi darasani, na hata hivyo barakoa, miwani na kifyonza vumbi vitumike.

Lakini adui mkubwa wa mashine hii si vumbi wala kibao kilichopinda. Adui ni leja. Ncha ya kuchongea ni nyembamba kama sindano, na mwanafunzi anayejifunza ataivunja. Ikiwa ncha hiyo imeandikwa katika leja kama mali ya kudumu, mwalimu atatakiwa kueleza kwa maandishi kwa nini imevunjika. Atajieleza mara ya kwanza na mara ya pili. Mara ya tatu ataifunika mashine kwa kitambaa na kuirudisha stoo. Hapo mtunza stoo atakuwa na hesabu safi, mkaguzi ataridhika, na wanafunzi watamaliza shule wakiwa wameiona mashine kupitia dirishani.

Hakuna mkaguzi aliyewahi kumuuliza mwalimu vipande vya chaki vimekwenda wapi, kwa sababu kila mtu anajua kwamba chaki huisha kwa kufundishia. Ncha ya mashine nayo ihesabiwe vivyo hivyo. Mwenye kuandaa makadirio ya matumizi asiishie kwenye bei ya mashine. Aweke pia fungu la ncha na vibao vya kila muhula. Mkuu wa shule naye asiulize ni ncha ngapi zimevunjika, bali ni bodi ngapi zimechongwa, na ni wanafunzi wangapi wanaoweza kueleza kosa lililoivunja ncha.

Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mhunzi hakuogopa kuvunja koleo, kwa kuwa alijua kutengeneza jingine. Shule inayoogopa kuvunja ncha itabaki na mashine nzima na wanafunzi wasiojua kuitumia.