Moyo Mgonjwa na Mapaja Yanayokwisha



Naomba tuanze na kigoda. Mfikirieni mama wa Bengamisa, nje ya Kisangani, ambaye moyo wake umeshindwa kusukuma damu ipasavyo. Zamani alibeba kitunga cha mihogo toka shambani. Leo dawa za kumkojoza zimeshusha uvimbe, mapafu yametulia, lakini akitaka kuinuka kigodani jikoni anajishika magoti, anajaribu mara mbili, anarudi kukaa. Kinachomshinda ni mapaja.

Kwa muda mrefu sisi waganga tulilaumu moyo peke yake. Katika miaka ya 1990, Andrew Coats na wenzake huko Uingereza walionyesha kuwa misuli iliyodhoofika nayo huchochea kuhema na kuchoka. Mgonjwa akihema huogopa, akiogopa hukaa, na kukaa kunaila misuli iliyosalia. Juu ya hayo, utumbo uliojaa maji humnyima hamu ya kula, na homoni za dharura huufanya mwili ubomoe nyama upesi kuliko unavyoijenga.

Mzani nao hutuficha mambo. Maji yanaongezeka miguuni, nyama inapungua mapajani, kilo zinabaki zile zile, nasi tunaandika kwamba hajakonda. Basi tupime nguvu. Mgonjwa aliyetulia ainuke kitini mara 5, mikono ameikunja kifuani. Akipita sekunde 15, misuli imeanza kudhoofika. Kipimo hiki kinataka kiti na saa tu. Kituo cha afya chochote cha njia ya Banalia kinakiweza.

Tukumbuke pia wagonjwa hawa ni akina nani. Utafiti wa THESUS-HF, uliochapishwa mwaka 2012, ulifuatilia wagonjwa zaidi ya 1,000 wenye moyo ulioshindwa katika nchi 9 za Afrika. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 52 hivi, na shinikizo la damu ndilo lililoongoza kati ya visababishi. Mtu wa umri huo bado ana shamba la kulima na watoto wa kusomesha.

Tiba ya zamani ilikuwa kitanda. Mwaka 2009, utafiti wa HF-ACTION wenye wagonjwa 2,331 ulionyesha kuwa mazoezi yanayosimamiwa ni salama kwa mgonjwa aliyetulia. Kwa ruhusa ya mganga, atembee toka mlangoni hadi kwenye mwembe, juma lijalo hadi barabarani. Akivimba upya, akihema hali amekaa, au kifua kikimuuma, aache na apelekwe hospitali.

Misuli inahitaji chakula cha kuijenga. Samaki wakavu wa makayabu wamejaa chumvi, na chumvi hurudisha maji mwilini. Mpeni samaki wabichi wa mtoni, maharagwe, karanga zisizotiwa chumvi, na viwavi msimu wao ukifika.

Ndugu zangu mnaomtunza mgonjwa, najua mnavyompenda. Mnamwambia, "Kaa, mama, usiguse kitu," mnampokea ndoo, mwiko, hata kikombe. Kwa upendo huo huo, kesho asubuhi simameni kando yake, mwacheni ainuke mwenyewe, mhesabu pamoja naye. Akifika mara 3, mwambieni muuguzi. Juma lijalo mtafute ya 4.